Metro ya Dubai kwa Anayekwenda Kuchukua Mzigo

Kabla hujalipia chumba Dubai, tafuta ramani ya metro uiweke kwenye simu. Wengi wanaokwenda kuchukua mzigo kwa mara ya kwanza hufanya kinyume. Wanaulizia hoteli ya bei nafuu, wanalipa, halafu wakishafika ndipo wanapogundua kwamba kila asubuhi ni teksi ya kwenda sokoni na kila jioni ni teksi ya kurudi. Nafuu yote ya chumba inaishia kwenye mita ya teksi. Kwa mwenye mtaji mdogo, aliyekuja kwa siku chache na orodha ndefu ya bidhaa, hizo ni fedha ambazo zingerudi nyumbani zikiwa mali dukani. Mwongozo huu ni wake yeye kwanza, na pia wa yeyote anayekwenda kutembelea ndugu au kuunganisha ndege na ana nusu siku ya kuuona mji.

Mtandao wenyewe ni rahisi kuushika. Njia ni mbili, Nyekundu na Kijani. Ya Nyekundu ilifunguliwa tarehe 9 Septemba 2009, ya Kijani ikafuata tarehe hiyohiyo mwaka 2011. Nyekundu inaanzia Centrepoint, upande wa Rashidiya, inapita uwanja wa ndege, inaingia Deira, inavuka chini ya hori la Dubai hadi Bur Dubai, kisha inatoka juu na kuandamana na barabara ya Sheikh Zayed, ghorofa ndefu zikiwa kulia na kushoto, mpaka upande wa Jabal Ali. Huko inagawanyika: treni nyingine zinakwenda Expo 2020 na nyingine zinaendelea mbele. Kwa hiyo ukiwa unakwenda mbali upande huo, soma jina la kituo cha mwisho kwenye ubao kabla ya kupanda. Kijani inaanzia upande wa Al Qusais, inateremka hadi katikati ya masoko ya Deira, nayo inavuka hori kwa chini, inapita Bur Dubai na kumalizikia kituo cha Creek.

Njia hizi mbili zinakutana mahali pawili tu: Union, upande wa Deira, na BurJuman, upande wa Bur Dubai. Kariri majina hayo mawili. Ukipotea, popote ulipo, rudi kwenye kimojawapo na utajipanga upya.

Treni hazina dereva. Kompyuta ndiyo inayoziendesha, na kati ya jukwaa na reli kuna ukuta wa kioo wenye milango inayofunguka treni ikishasimama. Matangazo ni kwa Kiarabu na Kiingereza. Asiyesoma hata kimoja bado atafika, maana vituo vina rangi ya njia na ndani ya behewa kuna mchoro unaoonyesha mmefika wapi.

Kulala wapi

Hapa ndipo fedha nyingi huokolewa au hupotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kama shughuli yako ni Deira, yaani nguo, simu, vipodozi, vyombo, dhahabu, basi lala Deira, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kituo cha Union, Baniyas Square, Al Rigga au Salah Al Din. Baniyas Square kipo kwenye Njia ya Kijani, na ndicho kituo cha mchukua mzigo. Ukitoka pale, soko la Naif na mitaa ya Al Sabkha unaifikia kwa miguu, na ofisi nyingi za kago zinazosafirisha kwenda Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Nairobi zimejaa vichochoro vya eneo hilohilo. Utasikia Kiswahili barabarani bila kukitafuta. Kituo kinachofuata ni Gold Souq, ambacho kwenye ramani za zamani kinaitwa Palm Deira, na kinachofuata tena ni Al Ras, karibu na soko la viungo na ukingo wa hori.

Al Rigga kipo kwenye Njia Nyekundu, mtaa wenye hoteli na migahawa inayokesha. Faida yake ni kwamba kutoka uwanja wa ndege unafika bila kubadilisha treni. Union kina faida zote mbili, kwa sababu njia zote mbili zinapita hapo. Mimi ningemshauri mgeni atafute chumba karibu na Union hata kama bei imezidi kidogo. Kila unachokwenda kufanya mjini kinakuwa treni moja mbali.

Kwa wanaofuata vitambaa, abaya na nguo za Kihindi, upande wa Bur Dubai unafaa zaidi. Kituo cha Sharaf DG, ambacho wenyeji wa zamani bado wanakiita Al Fahidi, kinakuweka karibu na Meena Bazaar, na Al Ghubaiba kinakuweka karibu na soko la zamani la vitambaa kando ya hori. Al Ghubaiba pia ndipo penye stendi ya mabasi ya Abu Dhabi, basi namba E100.

Sasa suala la Sharjah. Utaambiwa vyumba vya Sharjah ni rahisi, na ni kweli. Lakini metro haiingii Sharjah. Barabara inayounganisha miji hiyo miwili ina foleni nzito asubuhi na jioni, saa zilezile ambazo wewe unahitaji kutembea. Msimamo wangu ni kwamba kwa mtu wa siku nne au tano, Sharjah si nafuu hata kidogo. Unauza saa zako za sokoni kwa bei ya kutupa. Kama bajeti imebana kweli, angalia Al Nahda, Stadium au Al Qusais kwenye Njia ya Kijani. Maeneo hayo yapo karibu na mpaka wa Sharjah, bei zake ni za chini kuliko katikati ya mji, na asubuhi unapanda treni moja hadi Baniyas Square bila kujali foleni ya magari.

Neno kuhusu majina. Haki ya jina la kituo huuzwa kwa makampuni, kwa hiyo vituo hubadilika majina mara kwa mara. Rashidiya ikawa Centrepoint, Etisalat ikawa e&. Ndugu yako aliyekuja miaka mitano iliyopita anaweza kukuelekeza vizuri kabisa kwa jina ambalo halipo tena ukutani. Tumia ramani ya mwaka huu.

Kadi na nauli

Metro haina konda, na noti haipokelewi getini. Unalipa kwa kadi inayoitwa Nol, na kadi hiyohiyo inatumika kwenye mabasi ya mji na tramu. Mabasi nayo hayapokei taslimu, kwa hiyo usipande ukiwa na noti mkononi ukidhani utabembeleza.

Kadi ya kununua ni ya fedha, ile Silver. Inauzwa dirhamu 25, na ndani yake tayari kuna salio la dirhamu 19. Inadumu miaka mitano. Ukirudi nyumbani usiitupe wala usiigawe ovyo. Iweke na pasipoti, safari ijayo utaanza nayo. Kuna pia tiketi nyekundu ya karatasi. Hiyo ni ya mtu anayepita siku moja tu. Nauli yake iko juu kidogo kila safari, na haikuruhusu kuunganisha metro na basi kwa malipo ya safari moja.

Mji umegawanywa katika kanda saba. Kwa kadi ya Silver, safari ndani ya kanda moja ni dirhamu 3, kuingia kanda ya jirani ni dirhamu 5, na kupita kanda zaidi ya mbili ni dirhamu 7.5. Behewa la Gold, lenye viti vipana, ni mara mbili ya hizo. Kwa mifano: kutoka uwanja wa ndege hadi Union au Baniyas Square ni kanda moja, dirhamu 3. Teksi ya uwanjani mita yake inaanza na dirhamu 25 kabla gari halijaondoka. Deira hadi Dubai Mall ni dirhamu 5. Deira hadi Mall of the Emirates ni 7.5. Kuna pasi ya siku nzima ya dirhamu 20. Inalipa pale tu utakapofanya safari tatu ndefu au zaidi siku hiyo. Ukishinda Deira, achana nayo.

Namna ya kutumia kadi ni hivi. Gusisha getini unapoingia, na gusisha tena unapotoka. Ile ya kutoka ndiyo inayohesabu nauli, na hapo kioo kidogo cha geti kitakuonyesha umekatwa kiasi gani na umebakiwa na kiasi gani. Jizoeze kukisoma. Salio likiwa dogo geti halikuruhusu kuingia hata kama nauli ya safari yenyewe ni dirhamu 3, kwa hiyo usiliache lishuke chini ya dirhamu 15. Mashine za kuongezea salio zipo kila kituo, na dirishani kuna mhudumu.

Kila mtu na kadi yake. Mume na mke hawawezi kupita kwa kadi moja, na kukutwa bila tiketi halali ni faini ya dirhamu 200. Watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi.

Ukitoka kwenye metro na kupanda basi ndani ya dakika 30, mfumo unahesabu kuwa ni safari ileile, hukatwi nauli mpya kuanzia mwanzo. Kwa hiyo ukiwa na safari ya kuunganisha, usisimame kula katikati. Kula ukifika.

Saa za treni

Dubai iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Rekebisha saa yako uwanjani. Jumatatu hadi Alhamisi na Jumamosi, metro inafanya kazi kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 6 usiku. Ijumaa inaendelea hadi saa 7 usiku. Jumapili inachelewa kuanza, saa 2 asubuhi. Hapa wageni wengi wenye taarifa za zamani huteleza. Zamani siku ya kuchelewa ilikuwa Ijumaa, lakini Januari 2022 nchi ilihamisha mapumziko ya wiki kwenda Jumamosi na Jumapili, na ratiba ya metro ikafuata. Mwezi wa Ramadhani na sikukuu saa hizi hubadilika, uliza kituoni. Mkesha wa Mwaka Mpya treni hukesha, ila kituo cha Burj Khalifa/Dubai Mall hufungwa mapema jioni kwa sababu ya umati wa fataki.

Siku nyingi, ndege inayotua kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri inakukuta metro imefungwa. Kama ni saa 9 au 10 usiku, na huna watoto wala mgonjwa, inafaa kusubiri ndani ya uwanja hadi alfajiri. Vinginevyo lipa teksi kwa moyo mweupe.

Tena angalia tiketi yako imeandikwa jengo gani la uwanja. Majengo namba 1 na namba 3 yana vituo vyake vya metro, unatoka na kuingia bila kuvuka barabara. Jengo namba 2 halina kituo. Ukitua huko utahitaji basi au teksi hadi kituo cha karibu. Wanaosafiri kutoka Afrika Mashariki kwa ndege za bei nafuu mara nyingi hushukia jengo hilo, kwa hiyo usiamini maneno ya mtu kwamba metro iko uwanjani kabla ya kujua ni uwanja upande gani.

Kuanzia saa 1 hadi saa 3 na nusu asubuhi, na kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 usiku, treni zinajaa hasa. Hao ni wafanyakazi wanaokwenda na kutoka kazini, wengi wao wageni kama wewe, na wanahesabu dakika. Maduka mengi ya Deira hayafunguki mapema, kwa hiyo huna sababu ya kubanana nao. Kunywa chai, toka saa 4. Mwaka 2024 metro ilibeba abiria zaidi ya milioni 270, na saa hizo ndizo zinazojaa zaidi.

Mabegi

Hili ndilo linalowaumiza wenzetu zaidi ya yote. Metro inakubeba wewe. Mzigo wa biashara una wabebaji wake. Kanuni inaruhusu kila abiria mabegi mawili: moja kubwa lisilozidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30, na moja dogo lisilozidi sentimita 55 kwa 38 kwa 20. Sanduku la kawaida la safari linapita. Robota halipiti. Boksi lililofungwa kwa utepe mpaka limekuwa duara nalo litazuiwa getini, na mlinzi atakuwa sahihi, maana nyuma yako kuna mama mwenye kigari cha mtoto.

Kwa hiyo panga siku yako kwa mtindo huu: asubuhi panda treni mikono mitupu, nunua, kisha mwambie mwenye duka apeleke bidhaa moja kwa moja kwa kago wako. Maduka ya jumla ya Deira yamezoea jambo hilo, na wabeba mizigo wenye mikokoteni wapo kila kona. Kubalianeni bei kabla mkokoteni haujasogea, na uandamane nao hadi ofisi ya kago, mzigo upimwe ukiwa unaona na risiti iandikwe kilo zote. Kisha rudi kituoni ukiwa mwepesi. Anayejaribu kuokoa ada ya mkokoteni kwa kuingiza mabegi manne kwenye metro huishia kurudishwa, akatafuta teksi kubwa jioni ya foleni, akalipa zaidi.

Siku ya kuondoka nayo ifikirie. Kama una sanduku moja kubwa na begi la mgongoni, metro hadi uwanjani inatosha, na lifti zipo kila kituo. Usipande na sanduku zito kwenye ngazi za umeme. Kama mmekuwa watu watatu na masanduku sita, changieni teksi.

Adabu na faini

Ukiwa jukwaani tazama sakafu. Mahali palipochorwa mstari wa waridi ndipo linaposimama behewa la wanawake na watoto. Mwanamume haruhusiwi kuingia, hata kama amesindikiza mkewe, na hata kama ametia mguu tu kukimbilia mlango uliokuwa unafunga. Faini ni dirhamu 100. Ndani ya treni mpaka huo nao umechorwa chini, na saa za msongamano umati husukuma watu kuelekea huko bila kukusudia, kwa hiyo ujue umesimama wapi. Mwanamke ana hiari: anaweza kupanda hapo au behewa lolote la kawaida. Kwa dada anayesafiri peke yake jioni, nafasi hiyo ni neema kubwa.

Kula, kunywa na kutafuna bazoka ni dirhamu 100. Hata maji. Joto la nje linakausha koo, na ukishaingia ndani mkono unakwenda wenyewe kwenye chupa. Kunywa kabla ya geti. Kubonyeza kitufe cha dharura bila dharura ni dirhamu 2,000, kwa hiyo wafundishe watoto mapema. Adabu nyingine ni zile ulizolelewa nazo: mpishe mzee, mpishe mjamzito, usitoe sauti ya simu yako kwa watu wote.

Kutembea baada ya kushuka

Kuwa na kituo chenye jina la mahali hakumaanishi umefika mahali penyewe. Kituo cha Burj Khalifa/Dubai Mall kimeunganishwa na duka lile kwa daraja lenye kiyoyozi na mikanda inayotembea, na urefu wake ni takriban mita 820. Mzee mwenye magoti mabovu aambiwe mapema. Vituo vilivyo kando ya barabara ya Sheikh Zayed vina milango pande zote mbili za barabara. Ukitokea upande usio wako utajikuta unatazama unakokwenda ng'ambo ya njia kumi na zaidi za magari, na hapavukiki kwa miguu. Rudi juu, vuka kwa daraja la kituo.

Kuanzia Juni hadi Septemba jua la mchana ni kali kiasi kwamba dakika kumi za kutembea zinachosha kama saa nzima ya Kariakoo. Miezi hiyo fanya ununuzi wako asubuhi na baada ya Alasiri. Mvua ni nadra, ila ikija kubwa mji hauna pa kuipeleka. Ile ya Aprili 2024 ilifunga vituo kadhaa vya Njia Nyekundu kwa wiki kadhaa. Ukiona mawingu mazito siku ya safari, wahi uwanjani.

Na usiache kuvuka hori kwa mashua walau mara moja. Abra, zile mashua za mbao kati ya Deira na Bur Dubai, nauli yake ni dirhamu moja, na ni karibu na kituo cha Al Ras upande mmoja na Al Ghubaiba upande wa pili. Mbali na kukuonyesha mji kutoka majini, inakuonyesha majahazi ya mbao yaliyofungwa gatini yakiwa na friji, matairi na magunia, mengine yakielekea pwani za Afrika.

Limebaki soko ambalo kila mchukua mzigo huliulizia, Dragon Mart, kule International City. Metro haijafika huko bado. Njia ya Buluu, kilomita 30 na vituo 14, inajengwa, na itapita International City, Mirdif, Silicon Oasis na Academic City. Serikali imepanga kuifungua tarehe 9 Septemba 2029. Hadi siku hiyo, panda Njia Nyekundu mpaka mwisho, Centrepoint, toka kwenye stendi ya mabasi iliyo palepale, uliza basi la International City, na gusisha kadi kabla dakika 30 hazijakwisha.